Mkimbizi aliyeipa helikopta mkia

Wakazi wa Msimbu na vijiji vingine vya Kisarawe wamezoea ndege, maana Uwanja wa Julius Nyerere uko jirani. Helikopta ni habari nyingine. Ikipita, hata watu wazima huinua shingo. Na kila baada ya muda tunasikia kuhusu fundi wa Kitanzania anayeunda helikopta yake nyuma ya gereji kwa injini ya pikipiki au ya gari, kisha watu wanauliza kwa nini hairuki. Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua limo katika maisha ya Igor Sikorsky, aliyeshindwa jambo hilohilo mara mbili kabla hajatimiza miaka 22.

Alizaliwa Kyiv mwaka 1889, mji huo ukiwa bado chini ya dola ya Urusi. Mwaka 1909 alikwenda Paris, akanunua injini ya Anzani yenye nguvu za farasi 25, akarudi nayo nyumbani kuundia helikopta. Ya kwanza haikunyanyuka. Ya pili, mwaka 1910, ilijinyanyua yenyewe tu, mtu haikumuweza. Hapo akafanya uamuzi ninaouheshimu kuliko uvumbuzi wake wowote: aliliweka wazo kando. Injini za wakati ule zilikuwa nzito mno kwa nguvu zilizotoa, na ufundi wa mikono yake usingeweza kubadili hesabu hiyo. Akahamia kwenye ndege za mabawa, akaingoja injini inayofaa kwa karibu miaka 30.

Miaka hiyo hakukaa bure. Mwaka 1911 injini ilimzimikia angani akatua vibaya, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mbu ameingia kwenye petroli na kuziba kitundu cha kabureta. Ikiwa mbu mmoja anaweza kuishusha ndege, basi ndege iwe na injini zaidi ya moja. Mwaka 1913 akarusha ndege ya kwanza duniani yenye injini nne.

Kisha yakaja mapinduzi. Mwaka 1918 aliondoka Urusi, akapitia Uingereza na Ufaransa, na Machi 1919 akashuka New York. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha, hakuna aliyehitaji mbunifu wa ndege za mabomu kama yeye. Mtu aliyekuwa na jina kubwa kwao akawa anawafundisha hisabati wahamiaji wenzake kwa ujira mdogo. Wahamiaji hao ndio waliomwinua. Mwaka 1923 walianzisha kampuni kwenye shamba la kuku la rafiki yao huko Long Island, wakakusanya vyuma chakavu, vikiwemo vya vitanda vikuukuu, na kuviingiza katika ndege yao ya kwanza. Fedha zilipokauka, mwanamuziki Sergei Rachmaninoff, naye mhamiaji kutoka Urusi, alinunua hisa za dola 5,000. Ndege ilianguka siku ya kwanza ya kurushwa, mwaka 1924. Wakaitengeneza upya, ikaruka. Wanaosimulia uvumbuzi kama kazi ya kichwa kimoja hulipita shamba lile haraka mno.

Kazi iliyoanzia pale ilifika hadi kwetu. Mwaka 1933 wapiga filamu Martin na Osa Johnson walileta Afrika ndege mbili za Sikorsky, S-38 na S-39, zinazotua majini na nchi kavu. Moja waliipaka milia ya punda milia, nyingine mabaka ya twiga. Waliruka nazo Kenya na Tanganyika, wakapiga picha za Mlima Kilimanjaro kutoka angani.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 injini nyepesi zikapatikana, naye akairudia helikopta. Tatizo la kwanza ni hili. Injini ikizungusha rafadha ya juu kuelekea upande mmoja, kiwiliwili cha chombo kinasukumwa kuzunguka upande wa pili. Anayetumia drili anaijua nguvu hiyo: ncha ikikwama ukutani, mkono ndio unaosokotwa. Wajerumani waliituliza kwa rafadha mbili zinazozunguka kwa kupishana. Sikorsky alichagua rafadha moja kubwa juu na nyingine ndogo, ya wima, mkiani. Rubani akikanyaga pedali, mapanga ya mkiani hubadili pembe na pua inageuka. Gharama yake ni kwamba sehemu ya nguvu ya injini inaliwa mkiani bila kunyanyua chochote.

Tatizo la pili halionekani mpaka chombo kianze kwenda mbele. Panga linalokwenda mbele hukutana na upepo mwingi kuliko linalorudi nyuma, kwa hiyo upande mmoja hunyanyuliwa zaidi na chombo hutaka kupinduka. Mhispania Juan de la Cierva alikuwa ameshaonyesha dawa: panga lifungwe kwa bawaba, lipande na kushuka. Ili kukiongoza chombo, kila panga lazima pia libadili pembe katika kila mzunguko. Nikitazama picha za helikopta za gereji zetu, jicho langu huenda hapo kwanza, na mara nyingi naona mapanga yamekazwa kwa boliti yasicheze kabisa.

Sikorsky aliyajua yote hayo, akiwa na kampuni kubwa nyuma yake, na bado hakuharakisha. Tarehe 14 Septemba 1939 aliketi mwenyewe kwenye VS-300, yenye injini ya nguvu za farasi 75, chombo kikiwa kimefungwa kisiende mbali. Kuruka huru kulisubiri hadi 13 Mei 1940. Mkia ulipangwa na kupangwa upya, wakati fulani ukiwa na rafadha tatu ndogo, hadi mwisho wa 1941 ilipobaki moja.

Aprili 1944 helikopta yake ilikuwa katika vita vya Burma, ambavyo mwaka huohuo askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Tanganyika na nchi jirani walikwenda kupigana. Rubani Carter Harman aliirusha nyuma ya safu za Wajapani kuwaokoa watu wanne: rubani Mmarekani na askari watatu wa Uingereza. Aliwatoa mmoja mmoja. Hewa ya joto na unyevu ni nyepesi, mapanga hayapati cha kushika, na injini nayo hupungukiwa nguvu. Abiria wa pili asingebebeka. Marubani wa helikopta wanaoruka pwani yetu saa nane mchana hupiga hesabu hiyohiyo kabla ya kupakia mtu.