Jenereta Kuukuu Inapozimika Yenyewe

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kueleza habari za mashine ijulikanayo sana katika pwani yetu ya Tanga, yaani jenereta ya dizeli, na hasa ile iliyokwisha kuzeeka, ambayo huenda vizuri kwa muda, kisha ikazimika yenyewe pasipo mtu kuigusa.

Ijapokuwa nyaya za umeme zimefika mahali pengi, mashine hizi hazijatoka kazini. Ndugu zetu wa Pemba, ng'ambo ya mkondo tu kutoka kwetu, walitegemea mitambo ya dizeli hata mwaka 2010, ulipotandikwa waya chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Na huko Unguja, umeme wa kutoka bara ulipokatika tangu Desemba 2009 hata Machi 2010, aliyekuwa na jenereta ndiye aliyewasha taa. Zahanati ya kijiji, mama anapojifungua usiku, haiwezi kungoja hata fundi aje asubuhi kutoka mjini. Kwa hiyo yampasa mwenye kuitunza mashine ajue kuisoma.

Wako wasemao kwamba mashine kuukuu ina shetani. Sisi twasema ina sababu. Injini hii ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, naye aliifanikisha mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Haina cheche ya umeme kama injini ya petroli. Huvuta hewa, huikandamiza kwa nguvu nyingi hata ikawa moto sana, kisha mafuta hurushwa ndani kama ukungu, yakawaka kwa joto lile. Basi ikiwa injini nzima imezimika, aghalabu imenyimwa mafuta, au imenyimwa hewa, au imesimamishwa na mlinzi wake, au imekwama. Lakini taa zikizimika na injini ingali inanguruma, usiguse mafuta. Tazama swichi kubwa na nyaya za jenereta.

Jambo la kwanza la kuuliza ni hili: ilikufaje? Ikiwa ilipungua nguvu polepole, ikapanda na kushuka kama mtu apandaye kilima, taa zikafifia na kung'aa, hapo mafuta hayafiki sawasawa. Ikiwa ilizimika ghafula kama taa iliyopulizwa, mtuhumu mlinzi, au waya uliolegea.

Tuanze na mafuta, maana huko ndiko taabu nyingi hutoka, na pwani yetu huziongeza. Hewa ya bahari ina unyevu. Tangi likiachwa nusu, nafasi iliyo juu hujaa hewa hiyo. Usiku chuma hupoa, na matone ya maji hushika ndani kama jasho la mtungi. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo huzama chini, na huko vijidudu visivyoonekana huota, vikafanya utando mweusi unaoziba chujio. Fungua kizibo cha chini cha tangi, ukinge mafuta katika chupa ya kioo, uiache itulie. Ukiona tabaka mbili, la chini ndilo maji. Endelea kuyatoa mpaka dizeli itoke safi. Tena lijaze tangi jioni, injini ikiwa imepoa, ili unyevu usipate nafasi.

Kisha tazama chujio, ukalibadilishe likiwa jeusi. Wengine hulifua kwa petroli na kulirudisha. Hiyo ni akiba ya senti yenye kuharibu pampu ya shilingi nyingi.

Kuna ugonjwa mmoja unaowachosha hata mafundi. Injini huenda kitambo, huzimika, hupumzishwa, huwaka tena, kisha huzimika vilevile. Chujio ni jipya, mafuta ni safi. Fungua kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio, umeupata. Kitundu cha kupitisha hewa kimezibwa, pengine kwa udongo wa nyigu, na mafuta hayawezi kushuka pasipo hewa kushika mahali pake. Wanafunzi waweza kuona jambo hili kwa kuinamisha chupa iliyojaa maji na kuona jinsi inavyokatakata.

Ikiwa hewa imeingia katika mabomba, legeza nati ya chujio, upige pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, ukaze. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Ila usiweke mkono wako kamwe mbele ya mafuta yarushwayo na nozeli, kwa kuwa hupenya ngozi na kuleta jeraha baya.

Sasa twende kwa mlinzi. Jenereta nyingi zina kifaa kinachokata mafuta nguvu ya oili ikishuka au joto likizidi. Mashine ikizimika ghafula, pima oili kwa kijiti chake, tazama maji ya rejeta injini ikiwa imepoa, na mkanda wa feni. Vyote vikiwa sawa, tazama nyaya za kifaa chenyewe: chumvi ya bahari hula shaba ikafanya kutu ya kijani, na mtikisiko wa injini kuukuu hulegeza viungo. Visugue, uvikaze. Wako waunganishao waya ili kumpita mlinzi huyu, na mashine ikaenda. Huenda mpaka siku oili inapopungua kweli, na siku hiyo hakuna wa kuisimamisha kabla vyuma havijaumana. Mwenye shaka na afunge geji ya oili, aone kama mlinzi asema kweli.

Mzigo mkubwa hujulikana upesi kwa moshi mweusi, punguza vyombo.

Wala jenereta isiingizwe ndani kwa kuogopa mvua. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iuayo watu usingizini. Iwekwe nje, chini ya paa, mbali na madirisha.

Mwisho, litundikwe daftari karibu na mashine. Kila izimikapo, iandikwe saa, namna ilivyokufa, rangi ya moshi, na muda tangu ilipowashwa. Fundi ajapo, apewe daftari hilo kabla hajafungua sanduku la spana zake.