Mbwa wa Nyumbani na Kinga ya Mwili Wake

Katika nyumba zetu nyingi yupo mbwa. Usiku tulalapo yeye hukesha. Mchana huwafuata watoto kisimani na malishoni. Mgeni ajapo, sauti yake ndiyo hodi ya kwanza. Lakini tukiulizana ni nani amtunzaye mlinzi huyu, wengi hatuna la kujibu. Hupewa makoko ya sufuria, na akiugua twasema, "Ni mbwa tu, atapona mwenyewe." Neno hilo ni la hatari, kwa kuwa maradhi ya mbwa hayakomei kwa mbwa. Basi yafaa tujue kinga ya mwili wake ni kitu gani, na yatupasa tufanye nini ili isipungue.

KINGA NI NINI

Mwili wa mbwa, kama mwili wa mtu, unao askari wake, nao ni chembe nyeupe za damu. Askari hao wahitaji mambo mawili: kwanza chakula, wapate nguvu, pili mafundisho, wapate kumjua adui. Askari aliyeshiba asiyemjua mwizi atamfungulia mlango. Naye amjuaye mwizi, lakini ana njaa, hawezi kumkamata. Lishikeni neno hili, maana wengi hulisha wasichanje, na wengine huchanja wasilishe.

MAZIWA YA MAMA

Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu hana silaha. Silaha zake za kwanza hupewa na mamaye katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza, na tumbo lake laweza kuzipokea vema katika siku ile ya kwanza tu. Kwa hiyo angalia kila mtoto apate chuchu mapema, hasa yule mdogo asukumwaye na ndugu zake. Wala usiwatenge na mama yao kabla ya majuma 8.

Silaha hizo za kuazimwa hupungua kidogo kidogo. Hapa pana jambo liwatatizalo wengi. Kinga ya mama ikiwa ingali na nguvu katika damu ya mtoto, huizuia chanjo isiwafundishe askari wake. Nayo ikiisha, mtoto hubaki wazi mbele ya maradhi. Hakuna awezaye kuijua siku hiyo kwa kumtazama mtoto kwa macho. Ndiyo sababu chanjo za maradhi yaitwayo distempa na parvo huanza katika majuma 6 hadi 8, zikarudiwa kila baada ya majuma machache mpaka mtoto atimize majuma 16. Mtu achanjaye mara moja akaacha, kisha mbwa wake akafa, husema, "Chanjo haifai." Chanjo yafaa, yeye ndiye hakuimaliza.

Parvo huharibu matumbo, na mbwa mdogo hutapika na kuhara damu mpaka akaishiwa maji. Kijidudu chake chaweza kukaa katika udongo mwaka mzima na zaidi. Basi kama mbwa amekufa kwa ugonjwa huo uani kwako, usilete mtoto mwingine asiyechanjwa. Distempa nayo ina madhara ya mbali. Mwaka 1994 iliingia Serengeti, na yapata simba 1,000 wakafa, ndiyo theluthi ya simba wa huko; wataalamu wakawashuku mbwa wa vijiji vya kandokando kuwa ndio chanzo. Ikiwa hata simba huangushwa na ugonjwa wa mbwa wa kijijini, nani atasema, "Ni mbwa tu"?

CHAKULA NA USAFI

Mbwa hawezi kuwa na nguvu kwa ugali mtupu. Uchanganye na dagaa wasio na chumvi nyingi, au yai lililopikwa, au nyama. Na maji safi yawepo daima. Usimpe mifupa iliyopikwa, maana hupasuka vipande vikali vinavyochoma matumbo. Wala vitunguu, kwa kuwa huharibu damu yake. Na unga ulioota kuvu, ule ambao mama wa nyumba ameukataa, usiseme ni wa mbwa. Sumu ya kuvu huharibu ini la mbwa kama ilivyo kwa mtu.

Minyoo ni adui wa ndani. Watoto wa mbwa huipata tangu tumboni mwa mama na katika maziwa yake, kwa hiyo dawa huanza wakiwa na majuma 2, ikarudiwa kwa kipimo cha bwana mifugo. Mayai ya minyoo hiyo hukaa katika mchanga, na mtoto wa mtu aweza kuyameza kwa mikono michafu, hata macho yake yakadhurika. Basi kinyesi cha mbwa kifukiwe mbali na mahali pa kuchezea, na watoto wanawe mikono.

Kupe nao hunyonya damu na kuacha maradhi ndani yake. Wapo wanaompaka mbwa mafuta ya taa au mafuta machafu ya gari. Hayo huunguza ngozi, na mbwa akijilamba huyameza. Wengine humlisha pilipili awe mkali, au humnywesha mshubiri awe na afya. Pilipili haina mafundisho kwa askari wa damu, na mshubiri humharisha tu.

KICHAA CHA MBWA

Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote. Hapana chakula, wala mzizi, wala usafi uwezao kumkinga mbwa na kichaa. Chanjo peke yake ndiyo kinga. Yakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Katika kila watu 10 waumwao na wanyama washukiwao, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Tangu mwaka 1885, kijana Joseph Meister alipopewa chanjo ya Louis Pasteur huko Ufaransa, dawa ya kuuzuia ipo. Lakini dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo.

Mbwa akibadilika tabia, akitoka mate, akishindwa kumeza, taya likimlegea, usitie mkono kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa. Mwache, waondoe watoto, umwite bwana mifugo. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kidonda kikiwa kidogo kama mkwaruzo. Walimu, wafundisheni watoto kusema mara wanapoumwa. Wengi huficha kwa kuogopa viboko, na kuficha huko huwaua.

Chanjo ya kichaa hutolewa mara nyingi mbwa afikapo miezi 3, ikarudiwa kwa muda uagizwao. Katika kijiji, mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Basi si kazi ya nyumba moja. Siku bwana mifugo atangazapo chanjo, mpeleke mbwa wako kwa kamba, umwambie na jirani ampeleke wake. Cheti ukiweke pamoja na karatasi zako za thamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu hupitia uani mwetu sote.