Ari ya kupunguza uzani hufifia kwa kuitegemea mizani pekee

KILA Januari, kumbi za mazoezi mijini hufurika watu. Viatu vipya vya kukimbilia hununuliwa, bakuli la sukari huondolewa mezani, na wengi huapa kwamba mwaka hautakwisha kabla ya kupunguza uzani. Ifikapo Machi, kumbi hizo huwa zimebaki na wateja wake wa kawaida. Ari iliyokuwa ikiwaka huwa imezimika mithili ya moto wa mabua.

Aghalabu wanaokata tamaa hulaumiwa, na hata kujilaumu wenyewe, kwamba ni wavivu au hawana msimamo. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa katika mataifa mbalimbali zinaonyesha kwamba tatizo halianzii kwenye uvivu. Wengi huianza safari hii bila kufahamu jinsi mwili unavyofanya kazi, kisha hutegemea kipimo kimoja tu, yaani mizani, kuamua iwapo wamefaulu au wameshindwa.

Suala hili si la urembo. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya nchini Kenya uliofanywa 2008-09 ulibaini kuwa asilimia 25 ya wanawake wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Utafiti kama huo ulipofanywa tena mwaka wa 2014, idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi asilimia 33. Unene wa aina hiyo humweka mtu katika hatari ya kupata kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, kiharusi, maumivu ya magoti na baadhi ya aina za saratani.

Furaha ya wiki ya kwanza

Mtu anapopunguza chakula kwa ghafla, mizani huweza kuonyesha kwamba amepoteza kilo mbili au tatu katika wiki moja. Hufurahi na kudhani kwamba mambo yataendelea hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya uzani huo huwa ni maji.

Mwili huhifadhi akiba ndogo ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu tatu za maji. Chakula kinapopungua, mwili huanza kwa kutumia akiba hiyo, na maji yake hutoka. Baada ya hapo ndipo mafuta yenyewe huanza kupungua, nayo hupungua polepole, pengine nusu kilo kwa wiki au hata chini ya hapo.

Asiyeyajua haya hudhani juhudi zake zimegonga mwamba, ilhali ni wakati huo ambapo kazi yenyewe inaanza. Wengi huacha papo hapo.

Mwili hupigania uzani wake

Kizingiti cha pili ni njaa. Mwili haujui kwamba mwenyewe ameamua kupungua kwa ajili ya afya; huona kana kwamba kumezuka baa la njaa, na hujihami.

Mwaka wa 2011, watafiti wa Melbourne nchini Australia walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu 50 wenye unene, ambao walipewa lishe ya kupunguza uzani kwa wiki 10. Homoni zinazochochea njaa ziliongezeka, na zile zinazomfanya mtu ahisi ameshiba zikapungua. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba mwaka mmoja baadaye homoni hizo zilikuwa bado hazijarejea katika viwango vya awali.

Hata dawa mpya za sindano zinazotumiwa kupunguza uzani hazijaondoa hali hii. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba watu walioacha kutumia dawa ya semaglutaidi walirudisha takriban thuluthi mbili ya uzani waliokuwa wamepoteza, katika muda wa mwaka mmoja.

Kwa hivyo, anayehisi njaa miezi kadhaa baada ya kupungua hana kasoro ya tabia. Mwili wake unafanya kazi yake. Anachohitaji ni mpango anaoweza kuufuata kwa miaka, wala si adhabu ya wiki sita.

Faida huja mapema

Jambo linalopaswa kuwapa watu moyo ni kwamba afya huanza kuimarika kabla umbo halijabadilika sana.

Mwaka wa 2002, matokeo ya utafiti mkubwa nchini Marekani yalichapishwa. Ulihusisha watu 3,234 wenye uzani mkubwa, ambao sukari yao mwilini ilikuwa imepanda lakini hawakuwa wameugua kisukari. Kundi moja lilitakiwa kupunguza asilimia saba ya uzani na kufanya mazoezi, kama vile kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 kila wiki. Kundi jingine lilipewa dawa ya metformin, na la tatu likapewa tembe zisizo na dawa.

Baada ya takriban miaka mitatu, visa vya kisukari katika kundi la mazoezi na lishe vilikuwa vichache kwa asilimia 58 kuliko katika kundi lisilopewa dawa. Katika kundi la metformin vilipungua kwa asilimia 31. Cha kutia moyo zaidi, wastani wa uzani uliopunguzwa na kundi la mazoezi ulikuwa kilo 5.6 pekee.

Kilo tano na nusu huenda zisitambuliwe na jirani. Mizani nayo huenda ikaonyesha kwamba mwenyewe bado ni mnene. Lakini mbele ya kisukari, kilo hizo zimempa kinga kubwa.

Wanaougua kisukari tayari pia wana matumaini. Utafiti uliofanyiwa wagonjwa 306 nchini Uingereza, na kuchapishwa mwaka wa 2017, ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliopitia mpango maalumu wa kupunguza uzani walirejesha sukari katika kiwango kisicho cha kisukari bila kutumia dawa baada ya mwaka mmoja. Hao walikuwa wameugua kwa muda usiozidi miaka sita na hawakuwa wakitumia insulini. Walisimamiwa na wahudumu wa afya, na si busara kwa mgonjwa kuacha dawa au kujinyima chakula bila kumwona daktari, kwa sababu sukari yaweza kushuka kupita kiasi.

Magoti nayo hunufaika. Imebainika kwamba kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua.

Vipimo vingine vya kufuatilia

Ndiyo maana anayetaka kudumisha ari anashauriwa kuwa na vipimo zaidi ya kimoja. Utepe wa fundi cherehani ni wa bei nafuu na hueleza mengi. Kiuno kinachozidi sentimita 80 kwa mwanamke, au sentimita 94 kwa mwanamume, ni dalili kwamba hatari ya maradhi imeongezeka. Huenda mizani ikasimama mwezi mzima huku utepe ukionyesha kiuno kimepungua.

Aidha, mtu anaweza kuandika katika daftari shinikizo lake la damu kila anapopimwa, anapanda ngazi ngapi kabla ya kuhema, na analala vipi usiku. Mizani yenyewe haipaswi kutupwa. Watu wengi waliofaulu kupunguza uzani na kuudumisha kwa miaka hujipima walau mara moja kwa wiki. Tofauti ni kwamba huichukulia mizani kuwa shahidi mmoja miongoni mwa wengi.

Mazoea hushinda hamasa

Hamasa hupanda na kushuka, mazoea hubaki. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka wa 2010 ulifuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha jambo jipya, kama vile kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Kwa kawaida iliwachukua siku 66 kabla ya jambo hilo kuwa la kujiendea bila kulifikiria. Baadhi walihitaji siku 18 tu, na wengine ilikadiriwa wangehitaji hadi siku 254.

Hivyo basi ni heri kuanza na jambo moja dogo. Mathalani, anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vinne vya sukari, hutumia karibu gramu 50 za sukari katika chai pekee. Akipunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi huzoea bila vita. Anayesafiri kwa matatu anaweza kushuka steji moja kabla ya ile yake na kutembea. Na mezani, ugali si adui. Ni wingi wake ndio wenye hasara. Sahani ambayo nusu yake ni sukuma wiki, mchicha au kabeji hushibisha, na huwa na nafasi ndogo ya ugali na nyama.

Maneno ya watu

Kuna pigo jingine ambalo vitabu vya lishe havilitaji sana. Katika jamii nyingi nchini, kitambi kilihesabiwa kuwa ishara ya mali, na mke mnene kuwa ushahidi kwamba ametunzwa vyema. Fauka ya hayo, miaka ambapo Ukimwi uliua wengi iliacha dhana kwamba anayekonda ni mgonjwa. Mtu anayefanya bidii hukutana na swali, "Mbona umekwisha hivyo? Kuna shida?" Wengi hurudia sahani kubwa ili kuwanyamazisha watu.

Dawa yake ni kuwaeleza watu wa nyumbani mapema sababu ya mabadiliko hayo. Mama anayepikia familia nzima hawezi kudumu akiwa na sufuria yake ya pembeni huku wengine wakila chapati na viazi vya kukaanga. Familia ikibadilisha mlo pamoja, mzigo huwa mwepesi, na watoto pia hukingwa.

Siku ya kuteleza nayo itafika: harusi, Krismasi au Idi. Watafiti wa London waligundua kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Wahenga walishasema kuteleza si kuanguka. Hasara huja pale mtu anapokula kupita kiasi siku ya Jumamosi, kisha akajiambia kwamba yote yameharibika na kusubiri Januari nyingine.

Januari haina ufunguo wa afya. Mlo unaofuata, au steji inayofuata, yatosha kuwa mahali pa kuanzia upya.