Baba mdogo na mechi ya sahani ndogo

Babati. FOUNTAIN Gate inapocheza Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, baba yangu mdogo huingia jukwaani na chupa ya uji na mayai mawili ya kuchemsha. Timu zikianza kupasha anakula. Mapumziko anakula tena. Majirani wa jukwaani wanamtania, yeye anacheka tu.

Mwaka jana hakuwa na hamu ya kucheka. Kipa huyu wa zamani wa timu za mtaani alikuwa akitibiwa saratani KCMC, Moshi, kwa dawa za dripu. Baada ya mzunguko wa pili, kila kitu kikabadilika mdomoni.

“Nyama ilikuwa kama nalamba msumari, mwanangu. Hata maji yalikuwa machungu,” anasema.

Ilifika mahali akagoma kupanda basi la Moshi.

Sababu ipo. Dawa hizo hushambulia seli zinazojigawa haraka. Za saratani zimo, lakini pia zile za ulimini zinazotambua ladha na za ngozi laini ya mdomo. Kwa hiyo mgonjwa hadeki.

Nyumbani hatukulijua hilo. Mama mdogo alipakua ugali wa kumshibisha fundi ujenzi, sisi tukamzunguka mzee kama ukuta wa faulo, tukimhesabia matonge. Mwisho akawa anaiogopa saa ya chakula.

Muuguzi mmoja ndiye aliyebadili mfumo. Milo mitatu mikubwa ikawa sita midogo, bila kusubiri njaa. Kijiko cha bati kikawekwa benchi, kikaingia cha plastiki. Chakula kikawa kinapoa kwanza, maana cha moto hutoa harufu kali zaidi. Kabla ya kula anasukutua kwa maji yenye chumvi kidogo. Maji ya kunywa anayapata zaidi kati ya mlo na mlo, yasimjaze tumbo.

Nyama ikapumzishwa. Nafasi yake ikachukuliwa na mayai, mbaazi zetu za Babati na samaki aliyekamuliwa ndimu. Ndimu ni kwa asiye na vidonda mdomoni, vinginevyo itamchoma. Uji ukaongezwa maziwa yaliyochemshwa na siagi ya karanga, ili kikombe kidogo kibebe nguvu nyingi.

Na sisi tukaambiwa tuache kumlazimisha. Tumuulize anataka nini, tumpe, tukae naye.

Kilo si jambo la urembo hapa. Mgonjwa akikonda sana, daktari anaweza kuahirisha mzunguko au kupunguza dozi. Ndiyo maana anayeshindwa kula, kumeza au anayetapika mfululizo anatakiwa aseme hospitali mapema, asijikaze kiume.

Mzee anapenda kumtaja Sébastien Haller. Julai 2022, akiwa ndiyo kwanza ametua Borussia Dortmund, alikutwa na saratani ya korodani. Alifanyiwa upasuaji, akapitia mizunguko minne ya dawa, akarudi uwanjani Januari 2023. Februari 11, 2024, dakika ya 81, akaifungia Ivory Coast bao la ubingwa wa AFCON dhidi ya Nigeria, 2-1.

“Unaona? Mechi haiishi mapumziko,” anasema.

Yeye alimaliza dawa zake zote. Ladha ilirudi taratibu, miezi kadhaa baadaye. Juzi, nje ya Kwaraa, alinunua mshikaki mmoja. Akatafuna, akanyamaza. Kisha akaagiza wa pili.