Dagaa kwa Hatua Njema: Kumfunza Mbwa Katika Matembezi ya Kila Siku

Katika vihamba vingi vya mteremko wa Kilimanjaro, kuanzia Machame hadi Marangu, mbwa hupewa kazi moja tu, nayo ni kulinda. Mchana hufungwa kwa mnyororo kando ya migomba au hufungiwa bandani. Usiku huachiliwa azunguke. Mbwa wa namna hii humjua mwenye nyumba na sufuria ya makombo, lakini hajazoea kamba, njia, wala mkono wa mgeni. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa inapotangazwa, mwenyewe hushindwa kumfikisha kituoni. Mbwa huvuta, hulala chini, huonyesha meno, na mwishowe hurudishwa nyumbani bila chanjo.

Hapo ndipo mafunzo ya mbwa yanapogusa afya ya jamii. Inakadiriwa kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, karibu daima mwisho wake ni kifo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mbwa wasiopungua asilimia 70 katika eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kiwango hicho hakifikiwi kwa dawa peke yake; wahitajika pia mbwa wanaokubali kushikwa.

Njia ya kumpata mbwa wa aina hiyo ni tuzo, si fimbo. Kanuni yake ni nyepesi: mnyama hurudia tendo lililomletea faida. Ushahidi upo hapahapa nchini. Mjini Morogoro, shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na pia makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Panya hao hawapigwi. Kila mmoja anapobaini harufu sahihi husikia mlio mfupi, kisha hupewa chakula kidogo. Ikiwa panya aweza kufunzwa kazi nzito kiasi hicho kwa tonge dogo, mbwa wa kihamba hashindwi kufunzwa kutembea kwa utulivu.

Anza na dakika kumi kila siku, mahali penye utulivu. Mvishe mbwa mkanda wa shingoni usiombana, umfunge kamba, na uweke mfukoni vipande vidogo vya dagaa wakavu. Kamba inapolegea, sema neno moja fupi, kwa mfano "vyema", na umpe kipande papo hapo. Akivuta, simama kimya. Kamba ikilegea tena, endelea. Tuzo ikichelewa, mbwa hatajua analipwa kwa lipi. Mwite jina lake mara kwa mara, na kila anapokuja, mtuze. Usimwite kamwe ili umpige, maana atajifunza kuwa kuitwa ni hatari.

Baada ya siku kadhaa, ongeza ugumu kidogo kidogo: pita mbali na mbuzi, kisha karibu zaidi, pita njia ya bodaboda, simama pembeni wanafunzi wanapotoka shule. Mbwa akiwatazama watu kwa utulivu, mtuze. Katika kila tembezi, simama kidogo umguse masikio, umwinue mguu, na umbane taratibu ngozi ya nyuma ya shingo, huku ukimpa dagaa. Ndivyo atakavyoshikwa siku ya sindano.

Mbwa akinguruma, usimchape. Kunguruma ni onyo; anayeadhibiwa kwa kuonya huweza kujifunza kung'ata bila kuonya. Mrudishe nyuma hatua chache mpaka atulie, kisha uanze upya kwa umbali mkubwa zaidi. Kamba ishikwe na mtu mzima, na watoto wafundishwe kutomsumbua mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha.

Ndugu msomaji, mafunzo haya hayachukui nafasi ya chanjo. Mbwa mpole asiyechanjwa aweza kuambukizwa na mwenzake usiku mmoja tu, naye akabadilika. Mtu aking'atwa, au akiparuzwa hata kidogo, aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asipake majani wala mafuta, na asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Mhudumu wa afya naye aulize kwa makini: mbwa ni wa nani, amechanjwa lini, yuko wapi sasa, na nani mwingine ameng'atwa. Ofisa mifugo apewe taarifa.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini maandalizi ya sindano hayaanzi siku hiyo. Huanza asubuhi ya kawaida, mwenye mbwa anapochukua kamba na kushuka naye kijiani kati ya migomba na kahawa. Atakayefanya hivyo kila siku atafika kituoni kamba ikiwa imelegea, na jirani zake, pamoja na watoto wao, watapita langoni pake kwa amani.