Je, Wajua? Mbuzi Huvumilia Baridi, Kuloa Ndiko Kunakomwangusha

Wingu jeusi likitanda, kondoo huendelea kula na ng'ombe huupa upepo mgongo. Mbuzi yeye hukimbilia upenuni kabla mvua haijakolea. Wengi humwita mdekaji, kumbe anaujua mwili wake. Haya ni mambo ambayo kila anayefuga mbuzi nyumbani, wawe wa maziwa au wa kupendwa na watoto tu, afaa kuyajua kabla ya masika.

Je, wajua kwamba nywele za mbuzi hazizuii maji vizuri?
Sufu ya kondoo ina mafuta mengi yaitwayo lanolini, na maji huchelewa kuipenya. Mbuzi hana kinga hiyo. Isitoshe, akiba yake ya mafuta huiweka zaidi tumboni, kuzunguka figo na matumbo, na chini ya ngozi hubaki kidogo. Mvua humfikia ngozini upesi. Upepo ukimpiga akiwa ameloa, joto la mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5, huanza kumtoka. Ndiyo maana banda zuri hupimwa kwa ukavu kwanza, joto baadaye.

Je, wajua kwamba mbuzi ana jiko tumboni?
Katika tumbo lake kubwa la kwanza, vijidudu huchachua majani usiku kucha, na kazi hiyo hutoa joto. Nyasi kavu hutoa joto zaidi kuliko pumba. Usiku wa baridi, mjazie hori nyasi kavu kabla hujafunga mlango.

Je, wajua kwamba mbuzi wa Norwei wanaishi kwenye milima ya Uluguru?
Mwishoni mwa miaka ya 1980, mbuzi wa maziwa kutoka Norwei walipelekwa Mgeta, mkoani Morogoro, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Huko juu kuna baridi na mvua nyingi, na mbuzi wa maziwa hufugwa bandani na kukatiwa majani.

Banda linalofaa sehemu kama hizo huinuliwa juu ya nguzo, na siri yake iko sakafuni. Fito au mbao hupangwa zikiachiana nafasi ya takriban sentimita moja na nusu. Kinyesi na mkojo hupita na kuanguka chini, kwato haipiti. Nafasi ikizidi, mguu wa mtoto hunasa na huweza kuvunjika. Ikipungua, kinyesi hukwama na sakafu hulowa. Ikiwa sawa, asubuhi mfugaji huzoa mbolea chini ya banda, na juu mbuzi wake wamelala pakavu hata kama nje ni tope tupu. Kwato zinazokaa kavu haziozi ovyo.

Je, wajua kwamba banda lililozibwa kila upande ni hatari?
Huruma ndiyo hutuponza. Baridi ikija, tunaziba kila tundu kwa maturubai na magunia. Mkojo nao hutoa hewa ya amonia, ambayo huchoma njia ya pumzi na kuyaacha mapafu wazi kwa maradhi. Kipimo chake hakihitaji mashine: ingia alfajiri kabla ya kufagia, chuchumaa mpaka pua yako iwe sawa na ya mbuzi aliyelala, kisha vuta pumzi. Macho yakikuwasha, hewa haitoshi. Ziba upande unakotoka upepo, tangu sakafuni hadi juu ya kichwa cha mbuzi, na chini ya paa acha uwazi.

Je, wajua kwamba kijidudu cha homa ya mapafu ya mbuzi kilitambuliwa kwanza Kenya?
Ilikuwa mwaka 1976. Ugonjwa huu huenea kwa matone ya kikohozi, kutoka mbuzi hadi mbuzi aliye karibu, na mara nyingi hulipuka baada ya mvua kubwa, kipindi cha baridi au safari ndefu. Kuwabana mbuzi wengi kwenye kibanda kidogo wakati wa mvua ni kuurahisishia njia. Mpe kila mbuzi mkubwa angalau mita za mraba 1.5, na mbuzi mgeni umtenge kwanza.

Je, wajua kwamba minyoo hupanda majani mvua ikinyesha?
Jike mmoja wa mnyoo anayenyonya damu tumboni mwa mbuzi hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Watoto wake hupanda majani kwa kupitia unyevu. Wazee waliowazuia mbuzi zizini mpaka jua likaushe umande walikuwa wakiipunguza hatari hiyo.

Je, wajua kwamba mtoto wa mbuzi huzaliwa bila kinga?
Kondo la mbuzi halipitishi kinga ya mama; kinga hiyo imo kwenye dang'a. Mtoto hushuka ameloa, akiwa na akiba ndogo tu ya mafuta ya kumpa joto. Mfute kwa kitambaa kikavu, anzia puani, kisha msugue mbavu na mgongo mpaka nywele zisimame, na umsaidie anyonye ndani ya saa ya kwanza. Mtie kidole mdomoni: pakiwa pa baridi, mpashe joto kwanza ndipo umnyweshe.

Je, wajua kwamba kunyoa kunaweza kuua kundi?
Afrika Kusini hufuga mbuzi wa Angora kwa ajili ya nywele zao laini. Wakishanyolewa, usiku mmoja wa mvua na upepo baridi huweza kuwaua kwa wingi. Kwa hiyo wafugaji husikiliza utabiri wa hali ya hewa kabla ya kushika mkasi, na huweka makazi tayari.

Je, wajua kwamba mti si kimbilio wakati wa radi?
Agosti 2016, radi iliua wanyama 323 jamii ya kulungu kwa mkupuo kwenye uwanda wa Hardangervidda, Norwei. Umeme wa radi hutambaa ardhini. Hupanda mguu mmoja wa mnyama na kushukia mwingine, ukipita mwilini. Mbuzi aliyefungwa kwenye shina la mti yuko kwenye hatari hiyohiyo, na hawezi kuondoka. Kwa hiyo anga ikianza kunguruma, kamba ndiyo ya kufunguliwa kwanza, kabla hata ya kuanua nguo. Akiwa huru angejitafutia pa kujificha. Sisi tuliomfunga ndio tunaopaswa kumfikisha pakavu.