Idhini Isiyokwisha: Viendelezi vya Kivinjari na Usalama wa Kompyuta ya Nyumbani

Kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, ili kukiongezea kazi ambayo hakikuundwa nayo, kama vile kuzuia matangazo, kusahihisha sarufi au kupakua video. Katika mtaa wa Huruma, eneo la Eastlands jijini Nairobi, ambako kompyuta moja ya mtumba huweza kumhudumia mwanafunzi, kijana anayefanya kazi za mtandaoni na mzazi anayejaza fomu za ushuru za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla ya Juni 30, programu hizi huvutia kwa kuwa nyingi hazilipiwi na husakinishwa kwa dakika moja. Wepesi huo huficha uzito wa jambo lenyewe, kwani anayesakinisha kiendelezi hutoa idhini, na kwa kawaida idhini hiyo huendelea kutumika hadi atakapoiondoa mwenyewe.

Idhini inayoombwa mara nyingi ni ya kusoma na kubadilisha data katika kila tovuti inayofunguliwa. Alama ya kufuli inayoaminiwa na watumiaji wengi haizuii hatari hii, kwa sababu huonyesha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa, yaani yamegeuzwa fumbo ili yasisomwe njiani, ilhali kiendelezi hukaa ndani ya kivinjari, mahali ambapo fumbo limekwisha kufumbuliwa. Kiendelezi kiovu huweza kusoma nywila, yaani neno la siri, ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, inapoandikwa, au kunakili vidakuzi, ambavyo ni kumbukumbu ndogo zinazoieleza tovuti kuwa mtumiaji amekwisha kuingia, na kumwezesha mwizi kuingia katika akaunti bila kuulizwa nywila wala msimbo unaotumwa kwa simu. Uwezo wa kubadilisha ukurasa una madhara yake pia: nambari ya Paybill, yaani ya kulipia kwa M-Pesa, iliyoandikwa kwenye tovuti ikibadilishwa, mlipaji ataweka PIN yake ya M-Pesa kwenye simu yake mwenyewe, bila kuibiwa siri yoyote, na pesa zitamfikia mtu mwingine.

Aidha, si lazima kiendelezi kiwe kiovu tangu mwanzo. The Great Suspender, kilichotumiwa na watu wapatao milioni 2 kupumzisha kurasa zisizotumika ili kuipunguzia kompyuta mzigo, kiliuzwa na mwanzilishi wake mwaka 2020, na mnamo Februari 2021 Google ikakizima kwa kuwa na msimbo hasidi. Mnamo Desemba 24, 2024, mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni inayojishughulisha na ulinzi wa data, alihadaiwa kwa barua pepe iliyojifanya kutoka duka la viendelezi la Chrome, na kesho yake toleo lenye sumu likawafikia watumiaji bila wao kubofya chochote, kwa kuwa viendelezi hujisasisha vyenyewe. Nayo Hola, huduma ya bure ya kufungulia tovuti zilizozuiwa iliyopatikana pia kama kiendelezi, ilibainika mwaka 2015 kuwa ilikuwa ikiwauzia wengine matumizi ya intaneti ya watumiaji wake wasiolipa, jambo zito kwa familia inayonunua bando kwa kujinyima.

Pale ambapo jamaa wote hutumia kivinjari kimoja bila kutenganisha akaunti, kiendelezi alichosakinisha mtoto ili apakue katuni hupata pia fursa ya kusoma kurasa za benki za mzazi. Hatari huweza hata kutoka nje ya nyumba, kwa kuwa mtu akiingia katika Chrome kwa akaunti yake ya Google kwenye saiba, yaani duka la intaneti, na kuruhusu ulandanishaji, yaani kulinganisha mipangilio baina ya kompyuta, kiendelezi kilichoongezwa huko huweza kumfuata hadi nyumbani.

Kinga yenyewe haihitaji fedha. Kila mtumiaji afunguliwe wasifu wake katika kivinjari, idhini ya kiendelezi iwekewe mpaka wa tovuti kinazozihitaji, na shughuli za ushuru na benki zifanywe katika kivinjari kisicho na kiendelezi chochote. Iwapo wizi umeshukiwa, kiendelezi kiondolewe kwanza, kisha mtumiaji atoke katika akaunti zake kwenye vifaa vyote na nywila zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine, na taarifa ipelekwe polisi na kwa KE-CIRT, kituo cha usalama wa mitandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kuwa sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao inaharamisha kuingilia kompyuta ya mtu bila ruhusa yake. Hata hivyo, sheria pekee haitoshi, kwa kuwa kiendelezi hupewa ruhusa na watu wa nyumbani wenyewe. Kwa hiyo inafaa jamaa waketi pamoja, wafungue orodha ya viendelezi vyao, waulizane kila kimoja kililetwa na nani na kwa kazi gani, na kile ambacho hakuna anayeweza kukieleza kiondolewe siku hiyo hiyo.